Mpiga Gitaa Tuliyemlilia Kwenye Simu

Kwenye grupu letu la wapenzi wa roki ya zamani hakuna aliyenizidi kwa picha, na nilihakikisha kila mtu analijua hilo. Wengine walikuwa na nyimbo, wengine walikuwa na maneno mengi, lakini picha za bendi ya Mwadui nilikuwa nazo mimi peke yangu. Ilikuwa bendi ya vijana wa mgodi wa almasi, miaka ya sabini, waliojifunza roki kwenye santuri za Wazungu wa kampuni na kuipiga kwa magitaa ya umeme mpaka mabati ya ukumbi yakatetemeka. Baba yangu alikuwa fundi umeme, na ndiye aliyewafungia vyombo siku za dansi. Alipofariki aliacha kasha la bati lililojaa picha za watu wenye nywele za afro, suruali pana za bugaluu na viatu vya raizoni vyenye soli nene na visigino virefu. Ndugu zangu waligombea baiskeli na cherehani. Mimi nilichukua kasha.

Siku hizi naishi Geita, na nina duka la vipuri vya makarasha, zile mashine zinazosaga mawe ya dhahabu. Nauza mikanda, beringi na nyundo zake. Wateja wangu huja na vumbi jeupe mpaka kwenye kope, na wanajua kuwa nina hasira za karibu, hasa wakinikuta nimeinamia simu. Mtu akiniuliza bei ya mkanda wakati nabishana kuhusu nani alipiga ngoma kwenye bendi gani, namjibu kama amenikanyaga kidole. Mke wangu husema duka letu lina wauzaji wawili, yeye na yeye.

Grupu lina watu wa kila aina. Wamo wastaafu wa Mwadui, wamo watoto wao waliotawanyika Shinyanga na Kahama, wamo madalali wa dhahabu wa hapa Geita ambao ukiwaona na mizani zao huwezi kudhani wanaweza kukutajia wapiga besi wa bendi za Uingereza mmoja baada ya mwingine. Asubuhi mtu anarusha picha ya bendi fulani ya Ulaya, mwingine anaeleza ilipigwa wapi, wa tatu anasema huo ni uongo, na ikifika mchana watu wazima wenye wajukuu wanatukanana kistaarabu. Ninalipenda sana grupu hilo. Nadhani ndiyo sehemu pekee ambako watu hunisikiliza mpaka nikamaliza.

Tulikuwa tunalia pamoja pia. Wale wakongwe wa Ulaya na Marekani umri umewatupa mkono, na habari za kuugua kwao na kufa kwao hazikauki. Ikitufikia habari, mtu anageuza picha ya marehemu iwe nyeusi na nyeupe, anaweka mshumaa pembeni, na sisi wengine tunafuata: pumzika kwa amani, gwiji, pumzika, gwiji, pumzika. Hakuna aliyeuliza mazishi ni lini, maana nani angekwenda London kumzika mtu? Tulilia kwa vidole, tukamaliza, tukarudi kwenye kazi zetu. Vilikuwa vifo visivyohitaji nauli, tukavizoea, na sikuona kwamba vilikuwa vinatuharibu.

Sasa nimweleze mpiga gitaa wa bendi ya Mwadui, maana aibu yangu yote inamhusu yeye. Nilipokuwa mdogo baba alinichukua ukumbini siku za mazoezi, akanikalisha nyuma ya spika kubwa na kuniambia nisiguse waya wowote. Kutoka pale nilimwona mpiga gitaa kwa nyuma, mrefu, kisigino cha raizoni kikigonga sakafu. Akianza solo aligeuka upande, akafumba macho na kutabasamu peke yake kama mtu anayekumbuka utani. Mimi nilikuwa nimeegemea spika, kwa hiyo muziki ule uliniingia kupitia mgongoni, na mpaka leo nikisikia gitaa la umeme mgongo ndio unaotangulia kusikia. Bendi ilipovunjika alirudi kwao, upande wa Ushetu. Kila mara grupu likiuliza yuko wapi, nilijibu kwa kujiamini kwamba analima tumbaku. Sikuwahi kumtafuta, na mtu akitoka Geita asubuhi, mchana yuko Ushetu.

Basi siku moja mwenzetu wa Kahama akaandika kuwa amesikia kwa dereva wa lori la tumbaku kwamba mzee wa gitaa wa Ushetu ametangulia. Ndivyo alivyoandika, kwamba amesikia. Mtu mwenye akili angepiga simu hapa na pale, angeuliza. Mimi nilichofikiri, na nalisema hili huku uso ukiniwaka, ni grupu la Mwanza. Lipo grupu jingine huko la watu wa aina yetu, na mkuu wake hujigamba kwamba habari zote za muziki huanzia kwake. Nikasema leo atazisoma kwangu.

Nilifunga mlango wa duka nusu. Nikachagua picha bora kuliko zote kwenye kasha, ile aliyofumba macho, nikaweka mshumaa. Kisha nikaandika historia yake, na niliandika vizuri, sikatai. Nilisimulia ukumbi, spika, santuri, wasichana waliokuja kutoka Shinyanga mjini kumwona yeye tu. Mwishoni, kwa kuwa simulizi ilikuwa inataka mwisho, niliandika kwamba alikata roho akiwa amelikumbatia gitaa lake. Hayo sikuambiwa na dereva wala na mtu yeyote. Yalinijia, nikaona yanapendeza, nikayaacha.

Grupu lilifurika. Watu ambao hawajaandika neno tangu wajiunge waliandika. Walimlilia yeye, kisha wakaanza kunipa pole mimi: pole sana kaka, umempoteza mtu, pole, tunajua alivyokuwa kwako. Nilijibu kila mmoja. Asanteni, tumeshapoa. Asanteni kwa kuwa nasi. Nilijibu kama mtoto wa marehemu, na wala sikusikia aibu, nilisikia raha. Kesho yake redio moja ya huku kwetu ikanipigia, wakataka niyasome yale maneno hewani. Niliyasoma nikiwa nimesimama katikati ya mikanda na beringi, na sauti ilinikatika pale pale nilipotaka ikatike.

Mke wangu alikuwa kaunta, anampimia mteja mkanda. Nilipokata simu aliniuliza, "Mazishi lini?"

"Mazishi ya nani?"

"Ya huyo unayemlilia redioni."

Nikamwambia huko ni Ushetu, ndani ndani, na sisi ni mashabiki, si ndugu.

"Mashabiki hawaziki?"

Nikamwambia asinichanganye, nina watu wengi wa kuwajibu. Akarudi kwenye mkanda wake. Hapa kwetu hata mtoto mdogo akisikia kuna msiba anauliza ni wapi na mazishi lini, na ningeuliza swali hilo tu, mara moja, ningegundua kuwa hakuna mazishi. Grupu zima la watu wazima tulijua kuandika gwiji, na hilo hatukuuliza.

Jioni hiyo alikuja jirani yetu, mama muuza maandazi, amejifunga khanga, mfuko wa sukari mkononi. Alikuwa amenisikia redioni. Alikaa sebuleni kwetu, akanipa pole, akasema kufiwa na mtu aliyekulea si jambo dogo. Ningeweza kumwambia kuwa hakunilea, kwamba nilimwona mgongo tu. Badala yake niliinamisha kichwa nikapokea sukari. Mke wangu alisimama mlangoni ananitazama, na mimi nikajifanya simwoni.

Siku chache zikapita. Nilikuwa dukani nabishana na mteja aliyerudisha beringi iliyopasuka, simu ikaita, namba ngeni. Sauti ya mzee ikanisalimia, ikauliza kama mimi ndiye niliyesema redioni habari za mpiga gitaa wa Mwadui. Nikasema ndiye.

"Vizuri," akasema. "Mtangazaji amenipa namba yako. Mimi ndiye marehemu."

Ninyi mnajua matapeli wa simu walivyojaa siku hizi. Nikaona huyu kasikia msiba, anatafuta pa kula. Nilimshushia maneno ambayo mengine siwezi kuyaandika. Nilimwita mwizi, nikamwita mla maiti, nikamwuliza kama alizaliwa na mama au aliokotwa. Mteja aliweka beringi chini akasikiliza vizuri. Sauti ya upande wa pili haikukatiza, ilisubiri nimalize. Kisha ikaanza kupiga mluzi.

Ulikuwa mwanzo wa wimbo wao wa kufungia dansi, wimbo ambao haukurekodiwa popote, ambao huwezi kuujua kama hukuwa ukumbini. Mgongo ulinisisimka kabla kichwa hakijaelewa. Nilikaa juu ya katoni ya beringi.

"Mzee," nikasema. "Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Umetukana vizuri sana. Sasa njoo." Akakata.

Nilimweleza mke wangu, nikitarajia kwamba atacheka. Hakucheka. Alikwenda ndani akaanza kufunga mzigo: mchele, sabuni, khanga mpya aliyokuwa ameiweka akiba, na sukari ya mama wa maandazi ambayo hakuwa ameifungua.

"Hakuna msiba," nilimwambia. "Mtu yuko hai."

"Basi tunakwenda kumpa pole aliyeuawa," alisema. "Na huendi peke yako."

Kabla ya kuondoka niliwaandikia watu wa grupu kwamba mzee wetu yu hai, nimeongea naye, na kesho nakwenda kumwona, atakayeweza tuongozane. Kuhusu matusi sikuandika. Furaha ilikuwa kubwa: Mungu mkubwa, Mungu mkubwa, mioyo myekundu, vikaragosi vya kucheka. Wengi waliandika niko pamoja nawe. Dalali mmoja wa hapa hapa mtaani aliandika kuwa yeye atakuwa stendi kabla yangu. Asubuhi stendi tulikuwa mimi na mke wangu na wauza karanga. Tulisubiri basi moja likaondoka, tukapanda la pili.

Kahama nilimpigia mzee atuelekeze, tukachukua bodaboda mbili mpaka kijijini kwake. Njia ilipita kati ya mashamba ya tumbaku, mengine yameshachumwa yamebaki mashina, na kila boma lina bani lake, kibanda kirefu cha udongo cha kukaushia majani, moshi ukitoka kidogo kidogo. Nilikuwa nimejipanga maneno njia nzima. Nilipoona nyumba aliyotuelekeza yote yalipotea.

Mkewe ndiye aliyetupokea, mama mfupi, mtulivu, akisalimia kwa Kisukuma, "Mwadila, mayu, mwadila, baba," na mke wangu akaitikia vizuri kuliko mimi, maana mimi Kisukuma changu ni cha kuombea punguzo sokoni. Kisha mzee mwenyewe akatoka kwenye bani. Alikuwa bado mrefu. Mikono ilikuwa imeshika weusi wa gundi ya tumbaku mpaka kwenye kiwiko, vidole vimekakamaa kwa ile gundi, na alipotukaribia alivinyoosha kimoja kimoja kabla ya kunipa mkono.

"Karibuni msibani," alisema, akacheka kwa sauti.

Nilitaka kupiga magoti, akanishika bega. Tuliketi kwenye viti kivulini mwa nyumba. Nikaanza: mzee, nisamehe, sikuhakikisha habari, na halafu kwenye simu nilikuvunjia heshima. Akapunga mkono kama anafukuza nzi.

"Hebu kwanza, uliweka picha gani?"

Nikamwonyesha kwenye simu. Aliishika mbali, akaivuta karibu, akaitazama kwa muda. Nilidhani machozi yatamtoka. "Umenikata miguu," alisema.

"Mzee?"

"Viatu havionekani. Viatu vile nilivifuata Nairobi. Watu wote hao wameniona bila viatu." Na alikasirika kweli, si utani. Nikaomba radhi kwa viatu pia.

Nilipata nafuu kidogo. Nikasema moyoni, kumbe ndiye yule yule, mwenye mbwembwe, atanisamehe tutacheka na nitarudi Geita na picha mpya, mimi na yeye bega kwa bega, na grupu la Mwanza litakoma. Ndiyo, hata pale, nimekaa kwenye kiti chake, niliwaza hilo. Kisha akainuka akasema moto wa bani haungoji mgeni, anakwenda kuuangalia, na mama akabaki nasi.

Mama alisubiri mpaka alipoingia ndani ya bani. "Hajawaambia," alisema. "Na hatawaambia, ataishia kuwatania."

Akatueleza yeye. Siku ile redio iliposema, jirani alikuja mbio akamkuta mzee amekaa anapanga majani ya tumbaku kwa madaraja yake. Walicheka wote, boma zima. Lakini mzee alipomaliza kucheka akasema, "Watakuja." Mama akamwuliza akina nani. Akasema watu wa Mwadui, watu wa Shinyanga, wale waliokuwa wakicheza, na watoto wao. Wamesikia nimekufa, watakuja kunizika. Akasema wakija wasikute nyumba haina kitu.

"Nilimwambia apige simu aseme yuko hai," mama alisema. "Akaniambia, mama, nikisema niko hai hawatakuja. Acha waje, watanikuta."

Basi wakachinja mbuzi. Majirani walileta mabenchi na turubai, wanawake wakaja na masufuria yao, maana wote walikuwa wamelipenda lile jambo, walitaka kuona sura za wageni wa mjini. Mzee akaazima gitaa la kwaya kanisani. Akaoga, akavaa koti lake la zamani la bendi, lile lenye kola pana, akakaa chumbani, nyuma ya pazia la mlango. Mpango wake ulikuwa kwamba wageni wakishaketi, wakianza kulia, atoke anapiga.

Mama alinyoosha khanga yake magotini. Alisema mzee alikaa na koti lile mpaka jua likazama. Watu wa kijijini walikula, wakacheka, wakaenda. Kesho yake akavaa tena. Alisema labda wanatoka mbali, labda basi limeharibika, labda wanachangishana nauli. Kila pikipiki ikisikika barabarani alishika gitaa. Siku hiyo watu hawakucheka tena. Jioni vijana walikuja wakashusha turubai polepole, bila kusema kitu, na yeye mwenyewe akalirudisha gitaa kanisani kwa miguu.

"Hakuna hata mmoja," mama alisema. "Nilidhani labda walikosea njia."

Sijui niliwekaje uso wangu. Nilikuwa nimekuja kuomba msamaha kwa kumtangaza marehemu mtu aliye hai, na hilo halikuwa kosa lenyewe. Hilo yeye alikuwa amelifanya sherehe. Kosa lilikuwa kwamba tulisikia amekufa tukakaa. Mtu aliyetuchezesha, aliyetupa ujana wetu wote, tulimwandikia neno kisha tukaenda kula. Nilitamani bodaboda zingekuwa bado hazijaondoka. Mke wangu alikuwa analia waziwazi, anapangusa kwa ncha ya khanga, na mama wa watu akawa ndiye anayembembeleza.

Mzee aliporudi akatuona hivyo, akajua. Alimtazama mkewe, hakumgombeza. Akaketi.

"Nisomee walichoandika," aliniambia.

"Mzee, si lazima."

"Nimeuawa mimi. Nisomee."

Nikafungua grupu nikarudi nyuma mpaka siku ile. Nikasoma wa kwanza: pumzika kwa amani, gwiji wetu, pengo lako halitazibika. Akauliza, "Huyu anakaa wapi?" Nikasema Shinyanga. Nikasoma mwingine, aliyeandika kwamba amelia mpaka mke wake akamshangaa. "Huyu?" Kahama. "Kahama ni hapo," akasema, si kwa hasira, kama mtu anayeelekeza njia. Nikasoma wa tatu. Wa nne alikuwa wa Ushetu, mtumishi wa halmashauri yake mwenyewe, na nilijaribu kumruka, lakini nilisita na yeye akaona. "Huyu?" Nikamwambia. Alitikisa kichwa kidogo. Niliendelea, na kwa kila mmoja aliuliza anakaa wapi, na kwa kila mmoja nilijibu, na sauti yangu ile iliyokatika vizuri redioni sasa ilikuwa inatoka kama ya mtoto aliyeitwa mbele ya darasa.

"Sasa wanajua niko hai?" aliuliza.

"Wanajua. Niliwaandikia jana."

"Wamesemaje?"

"Wamefurahi sana, mzee."

Alitazama njia tuliyojia, kisha akatazama viti vyetu viwili. Hakuuliza zaidi juu ya hilo. Aliuliza, "Na wewe, wamekupa pole?"

Nilikuwa bado natafuta jibu la kujikinga nalo, mke wangu akajibu. "Walimpa," alisema. "Jirani alikuja mpaka nyumbani na sukari. Akaipokea. Ni hiyo hapo kwenye mfuko."

Mzee alicheka mpaka akakohoa, akapiga paja lake kwa kiganja cheusi. "Kumbe mgeni wangu alikwenda kwako!" alisema. Kisha kicheko kikaisha, na hakikurudi tena mpaka tulipoondoka.

Alikuwa amengoja nyuma ya pazia amevaa koti, na mtu mmoja tu duniani aliyefunga safari kwa ajili yake, japo ya kuvuka kichochoro, nilimpokea mimi, nikamkalisha kwangu, nikamwacha aende akidhani amefika. Nimewahi kupigwa, nimewahi kutapeliwa dhahabu bandia mbele za watu, nimewahi kuanguka jukwaani siku ya harusi yangu mwenyewe. Sijawahi kuona haya kama siku hiyo.

Tulikula. Mama alituandalia ugali na kuku, na mzee alikula vizuri, akamwuliza mke wangu habari za watoto na za duka, akamsikiliza. Mimi alinipitishia maji ya kunawa kwa heshima zote kama mgeni, na ile heshima ndiyo iliyonichoma zaidi, afadhali angenitukana kama nilivyomtukana. Sikuomba picha. Simu ilitetemeka mfukoni, grupu linauliza mzee anaendeleaje, turushie picha, nikaizima.

Wakati wa kuondoka mzee alituaga akiwa amekaa, akisema miguu imechoka na moshi. Mama akatusindikiza mpaka barabarani, kama desturi, na alitembea polepole katikati yetu. Bodaboda zilipokuwa zinakuja kwa mbali akasimama.

"Mzee anaumwa," alisema. "Kifua. Hapendi watu wajue." Akaniangalia mimi. "Siku nikikupigia, usiandike kitu. Njoo kwanza."

Nikamwambia nitakuja. Nikamwambia hata iwe masika, hata njia iwe imekatika, nitakuja, nikaapa kwa jina la baba yangu, nikaongeza na maneno mengine mengi mazuri. Alinisikiliza kwa upole mpaka nikaishiwa, wala hakuitikia.

"Tutakuja, mama," mke wangu akasema.

"Wabeja, mayu," mama akashukuru, akamshika mkono. Akatoa simu yake ndogo iliyofungwa kwa raba. Namba yangu alikuwa nayo tayari, maana mzee alinipigia kwa simu hiyo hiyo, lakini alimwomba mke wangu ya kwake, akairudia kwa sauti, tarakimu moja moja, mpaka akahakikisha ameiweka sawasawa.